Kupwa na Kujaa: Somo kwa Msafiri wa Bara Aendaye Mwambao

Mkazi wa Korogwe au Handeni ameizoea mito. Maji ya mto hupanda wakati wa mvua, hushuka wakati wa kiangazi, na siku zote huelekea upande mmoja. Bahari haina desturi hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu wa bara, hata aliye hodari wa kuvuka Luengera wakati wa masika, hana budi kujifunza upya afikapo pwani ya Tanga. Walimu wanaopeleka wanafunzi huko wanahitaji somo hili kuliko wengine wote.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Tongoni, karibu kilomita 20 kusini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Kutoka Korogwe njia hupitia Segera na Muheza, na anayeondoka alfajiri huweza kutembea kwa utulivu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna mlima wa kupanda. Matata yako ardhini: hapa mwamba wa matumbawe wenye ncha kali, hatua chache mbele tope jeusi, kisha mikoko.

Msafiri ayaone kwanza magofu. Pana msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo. Wareno waliufahamu mji huu kwa jina la Mtangata. Merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama katika mafungu ya jirani mwaka 1498. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India akiwa amepoteza mabaharia wengi kwa maradhi, aliichoma moto hukohuko. Hata mabaharia wazoefu, basi, walikwama katika maji haya.

Sasa maji yenyewe. Bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kila zamu huchukua zaidi kidogo ya saa 6, hivyo nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina huzidi mita 3. Katika pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hufikia mwisho wa kupwa karibu saa 4 asubuhi. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa 4 ileile huyakuta maji yamejaa. Mwalimu aliyefurahia ufuo mkavu safari iliyopita asidhani ataukuta hivyo tena kwa kuwa tu amefika saa ileile.

Siku ya bamvua, inafaa kuanza matembezi karibu saa 2 asubuhi, maji yakiwa yanatoka, na kugeuka kabla hayajaanza kurudi. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika saa 6 za kujaa, saa ya 3 na ya 4 peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Tena hayaji kwa mbele tu: huingia kwanza katika hori zilizo nyuma ya mtembezi, akajikuta amezingirwa huku fungu alilosimama bado kavu. Mvuvi wa kijijini huzijua hori hizo moja moja, na kumwomba aongoze msafara ni busara kuliko ramani yoyote.

Kwenye tope, viatu vyenye soli ngumu vilivyofungwa vizuri ni lazima. Anayezama hadi magotini asivute mguu kwa nguvu, maana tope huzidi kuubana. Aegemee nyuma ili uzito utawanyike, autikise mguu polepole, kisha autoe. Mizizi ya mchu na mlilana huchomoza topeni kama vijiti, kwani huvuta hewa kupitia hapo, na kuikanyaga ni kuumiza mguu na mti pamoja. Mkoko wenyewe hutambulikana kwa mizizi iliyojipinda kama matao. Miti hii ni hifadhi ya serikali. Haikatwi bila kibali, hata fimbo ya kutembelea.

Jambo moja huwahusu wasafiri hawa kuliko wageni wengine. Mto Pangani, upitao Korogwe, na Msangasi, ukusanyao maji ya Handeni, yote huishia katika bahari hii. Maji ya Pangani yalivyopungua, chumvi ya bahari imepanda mtoni na kuharibu mashamba ya minazi karibu na mlango wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bado mahindi hupandwa hadi kwenye lami ya maji, jambo ambalo ofisi za kata zinapaswa kuarifiwa.

Mwenye muda na aendelee hadi mjini Pangani, asimame penye kivuko cha kwenda Bweni. Wakati wa masika ataona maji ya kahawia yakiingia katika bahari ya buluu. Ni yale yaliyopita chini ya daraja la Korogwe, na rangi yake ni udongo wa mashamba.