Laini Iwe na Jina Lako: Mwongozo kwa Mgeni Anayefanya Kazi Migori na Homa Bay

Kutoka Sirare hadi Isebania ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka. Wajaluo pia: mtu wa Rorya na mtu wa Nyatike wanasalimiana kwa lugha moja. Ndiyo maana wengi wanaovuka kuja kufanya kazi huku hawajioni kuwa wageni. Wanakuja kununua mahindi, kuchimba dhahabu Macalder, kufungua kinyozi mjini Migori, au kuuza omena Mbita na Muhuru Bay, ile ambayo Mtanzania huiita dagaa.

Lakini mfumo wa kusajili laini haujui ushemeji wala lugha ya mama. Unajua jina, namba ya hati na tarehe ya kuzaliwa. Somo la leo ni hili moja: pesa iliyo kwenye laini inahesabiwa kuwa ya yule ambaye jina lake limesajiliwa, hata kama wewe ndiye uliyeitolea jasho.

Laini ya kuazima inavyoleta shida

Tuchukue mfano. Mwita ni mfanyabiashara wa nafaka kutoka Tarime. Alipofika Isebania mara ya kwanza hakuwa na pasipoti. Shemeji yake Chacha, ambaye ni Mkenya, akamwambia, "Shemeji, usihangaike. Tutatumia kitambulisho changu." Laini ikasajiliwa kwa jina la Chacha. Miaka 2 ikapita bila shida.

Siku moja simu ikaibiwa sokoni. Kwenye laini kulikuwa na shilingi 64,000, pesa ya mzigo wa wiki hiyo. Mwita akaenda kuomba laini mpya yenye namba ileile. Mhudumu akamwambia, "Pole ndugu, hii laini si yako. Mwenyewe aje na kitambulisho chake." Chacha alikuwa Mombasa kikazi, na mzigo haukusubiri.

Mhudumu yule hakukosea. Angempa Mwita, angeweza kumpa mwizi vilevile, kwa sababu mwizi naye angesema, "Hii laini ni yangu, imeandikwa tu jina la shemeji."

Na kuna mabaya kuliko hayo:

- Chacha akifariki, salio linaingia katika mali ya marehemu. Watakaodai ni familia yake, kwa cheti cha kifo na hati za usimamizi wa mali. Mwita hana karatasi hata moja.
- Mkigombana, Chacha anaweza kwenda na kitambulisho chake akapewa laini, na salio likamfuata.
- Mkopo wa simu ukichukuliwa kwenye laini hiyo, deni linaandikwa jina la Chacha. Usipolipwa, ni yeye anayeripotiwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo.
- Mtu akitapeliwa kupitia namba hiyo, polisi wataanza kwa Chacha.

Kwa hivyo laini ya kuazima inamweka mwenyeji hatarini kama inavyomweka mgeni.

Hati unazohitaji ili uwe na laini yako

Tangu kanuni za usajili wa laini za mwaka 2015, kila laini Kenya lazima iwe na mwenyewe anayejulikana. Mwaka 2022 wateja nchi nzima walitakiwa kuhakikisha taarifa zao upya, na tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili 15 hadi Oktoba 15. Ni vigumu sasa kuishi na laini isiyo na maelezo kamili.

Kwa mgeni, hati mbili ndizo za kutegemea.

Ya kwanza ni pasipoti. Kumbuka kwamba Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa kuanzia mwaka 2014, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hivyo kama unatoka Tarime, Musoma au Mwanza, kadi ya NIDA ibebe, lakini usiitegemee peke yake. Hati ya dharura ya safari itakuvusha, ila muda wake ni mfupi. Ukisajili laini kwa hati hiyo, baada ya muda namba iliyo kwenye mfumo itakuwa ya karatasi ambayo huna tena.

Ya pili ni kitambulisho cha mgeni, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mgeni atakayekaa zaidi ya miezi 3 mfululizo ajiandikishe ndani ya miezi hiyo 3. Maombi yanaanzia mtandaoni kwenye eCitizen, na ada utaiona hapo hapo kabla ya kulipa. Ukiwa na kazi au biashara ya kudumu huku, hiki ndicho kitakachokufungulia milango mingi.

Pita kituo cha mpakani ugongewe muhuri. Njia za panya zinaokoa nusu saa, lakini pasipoti isiyo na muhuri wa kuingia italeta maswali benki, na Uhamiaji pia.

Ukifika dukani, beba hati yenyewe, si fotokopi na si picha kwenye simu. Uende mwenyewe. Kabla hujaondoka, mwombe ajenti akuonyeshe alichoandika. Soma jina herufi kwa herufi na namba tarakimu kwa tarakimu.

Jina moja kila mahali

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Pasipoti inasema Marwa Mwita Chacha. Laini imeandikwa Mwita Marwa. Benki imeandika Mwita Chacha. Kwa watu wa nyumbani huyo ni mtu mmoja, lakini kwa mfumo ni watu watatu. Ukijaribu kutoa pesa kwenye laini kuingiza benki, au ukiomba namba mpya ya siri, unaweza kukataliwa kwa sababu ya jina tu.

Kanuni ni rahisi: fuata pasipoti. Mpangilio ule ule, herufi zile zile. Kama pasipoti yenyewe ina kosa, anza kurekebisha huko, kisha mengine yafuate.

Jambo jingine: pasipoti mpya huja na namba mpya. Usingoje simu ianguke ziwani usiku wa kuvua ndipo ugundue kwamba namba iliyosajiliwa ni ya pasipoti ya zamani. Ukipata mpya, nenda dukani na zote mbili, taarifa zibadilishwe ukiwa bado unaishika laini yako. Ile ya zamani usiitupe.

Ukitaka akaunti ya benki

Simu inatosha kwa kazi nyingi, lakini mzigo ukikua utahitaji benki. Benki itakuuliza pasipoti au kitambulisho cha mgeni, picha, maelezo ya unakoishi na pesa inakotoka. Usione kama unashukiwa wewe binafsi. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya mwaka 2009 inailazimu benki kumjua mteja wake, awe wa Rongo au wa Bukoba.

Pia utaulizwa PIN ya KRA. Hii si namba ya siri, ni namba yako ya mlipa kodi. Unaiomba kwenye iTax, na yenyewe ni bure. Utakacholipa ni pesa ya saiba tu. Mgeni mkaazi ataulizwa namba ya kitambulisho cha mgeni, kwa hivyo anza na hicho. Ukikwama, vituo vya Huduma mjini Migori na Homa Bay vinasaidia mambo ya KRA.

Ila ukishapata PIN yenye wajibu wa kodi ya mapato, kila mwaka unatakiwa kuwasilisha ripoti kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hukupata chochote. Ukichelewa, faini kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Wengi hupata PIN ya benki, wakaisahau, kisha wakakuta faini za miaka mitatu zinawangoja.

Kama tayari unatumia laini ya mtu

Usikate tamaa, na usitoroke na laini. Fanya hivi:

1. Pata hati yako, kisha sajili laini mpya kwa jina lako.
2. Mweleze mwenye jina kwa adabu. Kama ni shemeji au mzee aliyekusaidia, anza na shukrani: hakuwa na lazima.
3. Lipa mkopo wowote ulio kwenye laini ile, mbele yake.
4. Hamisha salio lote kwenda laini yako. Angalia pia akiba, si salio la kawaida tu.
5. Wape wateja, chama na watu wa nyumbani namba mpya. Ishikeni ya zamani kwa wiki chache ili pesa iliyochelewa isipotee.
6. Kama namba ile inajulikana sana na wateja wako, nendeni dukani pamoja, kila mtu na hati yake, muulize kama inaweza kuhamishwa jina.
7. Mwishowe, mwenye jina aifunge au abaki nayo. Usiitupe barabarani.

Na wewe mwenyeji: piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, ripoti mara moja. Ndugu akikuomba kitambulisho akasajilie laini, msindikize akashughulikie hati yake. Huo ndio msaada utakaomfaa.

Anayekuambia atakutafutia kitambulisho cha Mkenya "haraka haraka" kwa elfu kadhaa, mkimbie. Atakula pesa yako, au atakuacha na kosa la jinai mkononi.

Mkenya anayevuka kwenda Tanzania

Mambo ni hayo hayo. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole, na raia wake hutumia namba ya NIDA. Muda uliongezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Wewe si raia, kwa hivyo nenda na pasipoti. Usimwombe rafiki wa Sirare akuwekee kidole.

Kabla hujafunga ukurasa huu, jiulize

- Laini ninayopokelea pesa ina jina la nani?
- Jina hilo linafanana na la pasipoti yangu, herufi kwa herufi?
- Hati iliyosajiliwa bado ninayo, na muda wake haujaisha?
- Simu ikipotea leo usiku, kesho asubuhi naweza kurudishiwa laini bila kumtafuta mtu mwingine?

Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, usiweke salio kubwa kwenye laini hiyo mpaka urekebishe. Ajenti wetu wa karibu atakuelekeza. Na kumbuka, hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza namba yako ya siri, hata unapobadilisha jina.