HESABU YA SAFARI YA NDEGE: NAIROBI MPAKA NEW YORK

Mtu mwenye mwana au ndugu aliye ng'ambo hupenda kujua atafika lini, ili aende kumlaki. Wengi hutazama saa ya kuondoka na saa ya kufika zilizoandikwa katika tikiti, wakatoa moja katika nyingine. Hesabu hiyo hudanganya. Yafaa tujifunze iliyo sahihi.

Tutwae safari ya kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, mpaka kiwanja cha John F. Kennedy, New York. Ndege za Kenya Airways zilianza kwenda huko moja kwa moja tarehe 28 Oktoba, 2018. Umbali wake ni kilomita 11,800 hivi, yaani zaidi ya maili 7,300, ukipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote, kama uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia.

Kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi, na kurudi saa 14 hivi. Mbona umbali ni ule ule na muda si sawa? Sababu ni upepo. Huko juu sana, katika njia ya kuvuka bahari ya Atlantiki, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo hupambana nazo. Irudiyo husukumwa nazo.

Sasa tutazame saa zenyewe. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Kwa kuwa hugeuka kuelekea mashariki, jua hutuchomozea sisi kwanza. Wakati wa baridi, saa za New York huwa nyuma ya zetu kwa saa 8. Tangu Machi mpaka Novemba watu wa huko husogeza saa zao mbele kwa saa 1, na tofauti huwa 7.

Tuseme ni Januari, na ndege imeondoka Nairobi Jumatatu, saa 5 usiku. Ongeza saa 15: hapa Nairobi ni Jumanne, saa 8 mchana. Ondoa 8: huko New York ni saa 12 asubuhi. Aliyetazama tikiti tu atasema safari ilikuwa ya saa 7!

Katika kurudi, ndege na iondoke New York Jumatano, saa 6 mchana. Ongeza 14: huko ni saa 8 usiku, Alhamisi imekwisha kuingia. Ongeza 8: Nairobi ni Alhamisi, saa 4 asubuhi. Mwenye kwenda kiwanjani Jumatano atapoteza nauli yake bure. Na akichoka kungoja akarudi nyumbani, mgeni wake atashuka asimwone mtu.

Basi kanuni ni hii: kwanza ongeza muda wa safari, kisha ondoa au ongeza tofauti ya saa, mwisho angalia siku.

Jaribu mwenyewe: ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku mwezi wa Julai, itafika New York saa ngapi? Ukipata saa 1 asubuhi, somo umelifahamu.