Ukweli na Upendeleo katika Makala za Vyama vya Siasa Mtandaoni

Mwalimu anapotoa kazi ya nyumbani kuhusu historia ya vyama vya siasa, pengine unaanzia kwenye simu, na makala ya kwanza inayotokea ni ya Wikipedia. Sikukatazi. Kamusi elezo hiyo ina taarifa nyingi ambazo vitabu vya darasani havina nafasi ya kuzibeba. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi huinakili kama vile imeshuka na muhuri wa serikali. Katika sehemu hii utajifunza kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara, yaani kosa la ukweli na upendeleo, kisha utajifunza kuyakagua kabla ya kuandika insha yako.

Kwa nini makala hizi huzua ugomvi

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, ikiasisiwa na Jimmy Wales na Larry Sanger. Toleo la Kiswahili lilifuata mwaka 2003. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, na kwa kawaida msomaji yeyote anaweza kubonyeza "Hariri" akabadilisha sentensi. Ili pasiwe na vurugu, waandishi wanafungwa na kanuni. Tatu kati ya hizo ni muhimu kwako: makala isiegemee upande wowote; kila dai linaloweza kupingwa liwe na chanzo kinachoaminika; na mwandishi asiingize utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa popote.

Kanuni hizo hufanya kazi vizuri kwenye makala kuhusu twiga au Mlima Meru. Kwenye makala kuhusu chama cha siasa hali ni tofauti, kwa sababu mwanachama anataka chama chake kisomeke vizuri, mpinzani anataka kisomeke vibaya, na wote wawili wana kitufe kilekile cha kuhariri. Mmoja anafuta, mwingine anarudisha, wa kwanza anafuta tena. Hali hiyo huitwa vita vya uhariri. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mhariri anayetengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, na ukurasa wenyewe unaweza kufungwa kwa muda ili wageni wasiuguse.

Wanasiasa wenyewe wamewahi kukutwa katika mchezo huu. Mapema mwaka 2006 nchini Marekani iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa ofisi ya mbunge Marty Meehan walibadilisha makala iliyomhusu, wakaondoa habari ya ahadi yake ya kuhudumu kwa vipindi vinne tu, ahadi ambayo hakuitimiza. Zingatia kilichofanyika hapo. Hawakuandika uongo. Waliondoa jambo la kweli.

Mfano mzito zaidi unatoka Kroatia. Huko kundi dogo la wasimamizi wenye mrengo wa kizalendo uliokithiri lilishika Wikipedia ya lugha yao kwa takribani miaka kumi na kuwafungia waliowapinga. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa nchi hiyo aliwashauri wanafunzi wasiitumie, na mwaka 2021 taasisi inayoendesha Wikipedia ilichapisha ripoti iliyothibitisha kuwapo kwa upotoshaji huo. Fundisho kwako ni hili: toleo la lugha yenye wahariri wachache ni rahisi kutekwa, kwa sababu hakuna macho mengi ya kukamata makosa. Kiswahili nacho kina wahariri wachache kuliko Kiingereza, kwa hiyo makala ya Kiswahili isome kwa uangalifu uleule, hata kama unaielewa kwa urahisi zaidi.

Kosa la ukweli

Kosa la ukweli ni taarifa ambayo inaweza kupimwa na ikaonekana si sahihi. Tarehe, idadi, majina na mfuatano wa matukio viko hapa. Ni kosa rahisi kulirekebisha, ila ndilo linalowanyima wanafunzi alama nyingi.

Chukua swali hili: Chama Cha Mapinduzi kilianzishwa lini? Nimesahihisha insha zilizoandika 1954, na mwandishi alikuwa na uhakika kabisa kwa kuwa "ameona mtandaoni". Ukweli ni kwamba Tanganyika African Association (TAA) iligeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, chini ya Julius Nyerere aliyekuwa amechaguliwa kuiongoza TAA mwaka 1953. Afro-Shirazi Party (ASP) ilizaliwa Zanzibar mwaka 1957. TANU na ASP ziliungana na kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Anayeandika 1954 ameandika mwaka wa mzazi mmoja, tena akamsahau mzazi wa pili.

Hata hivyo, usimcheke upesi. Mtu anayetaka kuonyesha kwamba CCM ndiyo iliyoleta uhuru atapenda kuanzia 1954. Anayetaka kuonyesha kwamba ni chama kipya cha enzi ya chama kimoja atapenda kuanzia 1977. Hapo tarehe moja tu tayari imebeba msimamo. Jibu salama la mtahiniwa ni kutaja zote mbili na kueleza uhusiano wake.

Upendeleo usio na uongo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo soma polepole. Upendeleo ni kuegemea upande mmoja katika kuchagua maneno, kuchagua mambo ya kutaja au kuchagua mambo ya kuacha. Makala inaweza kuwa na upendeleo mkubwa bila kuwa na kosa hata moja la ukweli.

Soma sentensi hizi mbili kuhusu uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963:

(a) Muungano wa ZNP na ZPPP ulishinda uchaguzi kwa kupata viti 18 kati ya 31, ukaunda serikali halali.

(b) ASP iliungwa mkono na wapigakura walio wengi, kwa zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini ikanyimwa serikali.

Takwimu za sentensi zote mbili ni sahihi. ASP ilipata kura nyingi zaidi ila viti 13 tu, kwa kuwa kila jimbo lilitoa mshindi mmoja. ASP ilikusanya kura nyingi sana katika baadhi ya majimbo na kushindwa kwa tofauti ndogo kwingine. Kura za ziada pale ulipokwisha kushinda hazikupi kiti cha pili. Sasa angalia maneno. Katika (a), neno "halali" halihesabu chochote. Linamwambia msomaji ahisi nini. Katika (b), neno "ikanyimwa" linadokeza kwamba kuna aliyeiba, bila kuonyesha ni nani na kwa namna gani. Tena (a) inaficha kura na (b) inaficha viti.

Hili si suala la sarufi. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali hiyo, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Mpaka leo anayesoma (a) peke yake na anayesoma (b) peke yake wataelewa Mapinduzi kwa namna mbili zinazopingana, na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Sentensi inayofaa ni hii: "Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13, ZNP na ZPPP kwa pamoja zilipata viti 18 kati ya 31 na kuunda serikali." Haina utamu, lakini kila upande unaweza kuisoma bila kuikana.

Upendeleo wa kuacha ni mgumu zaidi kuugundua, kwani huwezi kupigia mstari kisichoandikwa. Makala ya TANU inaweza kutaja viongozi wanaume kumi na kumpa Bibi Titi Mohamed nusu sentensi, ilhali ndiye aliyeongoza wanawake wa TANU tangu 1955 na kuhamasisha maelfu. Makala nyingine inaweza kumsifu kwa hilo ikaruka kwamba alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972. Zote mbili zimekata picha. Vivyo hivyo kitabu cha Mohamed Said kuhusu Abdulwahid Sykes, kilichotoka mwaka 1998, kiliandikwa kwa hoja kwamba historia rasmi ya TANU imewaacha nje watu muhimu wa Dar es Salaam. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi kuujua mjadala huo kama makala uliyosoma imeunyamazia.

Namna ya kukagua makala

Anza na sehemu ambayo karibu hakuna mwanafunzi anayeifungua: kitufe cha "Fungua historia" juu ya makala. Hapo utaona kila badiliko na tarehe yake. Ukikuta aya moja imefutwa na kurudishwa mara nyingi, umepata mahali penye mgogoro. Kisha fungua "Majadiliano", ambako wahariri hubishana. Nakuambia kwa uzoefu, mara nyingi ukurasa huo hufundisha zaidi ya makala yenyewe.

Baada ya hapo angalia vyanzo vilivyo chini. Tovuti ya chama ni chanzo kizuri cha kuthibitisha chama kinasema nini kuhusu sera zake, lakini haithibitishi kwamba sera hizo zilifanikiwa. Taarifa ya mpinzani ipime vivyo hivyo. Jihadhari pia na mzunguko: gazeti linanakili dai kutoka Wikipedia bila kusema, kisha Wikipedia inalitaja gazeti hilo kuwa ushahidi wa dai lilelile. Utadhani una vyanzo viwili, kumbe ni kimoja kimejitazama kwenye kioo. Dawa ni kutafuta chanzo cha zamani kuliko dai lenyewe mtandaoni, kwa mfano kitabu au ripoti ya uchaguzi.

Swali la mfano

Kwa nini vyanzo viwili vinaweza kutofautiana kuhusu mshindi wa uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963? (alama 5)

Jibu dhaifu: "Vyanzo hutofautiana kwa sababu vingine ni vya uongo na mtandao hauaminiki."

Jibu hili lingepata alama 1 au lisipate kabisa. Halina ushahidi, na linalaumu mtandao kwa tofauti iliyokuwapo kabla mtandao haujazaliwa.

Jibu zuri: "Vyanzo hutofautiana kwa sababu vinatumia vipimo tofauti. Kwa kipimo cha kura ASP iliongoza kwa zaidi ya asilimia 54. Kwa kipimo cha viti ZNP na ZPPP ziliongoza kwa 18 dhidi ya 13. Mfumo wa majimbo uliruhusu matokeo hayo mawili kuwapo pamoja. Mwandishi mwenye upendeleo huchagua kipimo kinachoupa nguvu upande wake na kuficha kingine."

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kosa la ukweli na upendeleo, kwa mfano mmoja wa kila aina ambao haumo katika sehemu hii.

2. "Chama hicho shupavu kilirejesha heshima ya wananchi mwaka 1992." Bainisha maneno mawili yasiyoweza kupimwa, kisha andika upya sentensi kwa kutumia tukio la kweli la mwaka huo katika historia ya vyama nchini Tanzania.

3. Chagua chama kimoja cha Afrika Mashariki. Soma makala yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Taja jambo moja lililomo katika lugha moja na halimo katika nyingine, na ueleze nani ananufaika na ukimya huo.

4. Rafiki yako ni mwanachama wa chama fulani na ameona kosa la tarehe katika makala ya chama chake. Je, alirekebishe mwenyewe? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.