Kupoza Fuwele za Protini kwa Ajili ya Eksrei: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Maabara

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye fuwele zake zimekwisha kukua, na kazi iliyobaki ni kuzifikisha mbele ya eksrei zikiwa nzima. Siku hizi upimaji mwingi hufanyika fuwele ikiwa ndani ya mkondo wa gesi ya naitrojeni wenye kelvini 100, yaani nyuzi 173 za Selsiasi chini ya sifuri. Sababu ni madhara ya mnururisho. Eksrei inapopita, huacha ndani ya fuwele vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Katika joto la chumba vipande hivyo huzurura majini na kuishambulia protini. Katika baridi hiyo vingi hunaswa palepale vilipozaliwa. Fuwele iliyopozwa vizuri hustahimili kipimo cha mnururisho kikubwa mara makumi kuliko isiyopozwa. Haimaanishi kwamba haichoki. Kikomo kinachotajwa sana, tangu kipendekezwe mwaka 2006, ni megagrei 30, na viungo vya salfa kwa salfa hukatika mapema zaidi ya hapo.

Adui ni barafu

Karibu nusu ya fuwele ya kawaida ya protini ni maji. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mpangilio wa molekuli uliochukua wiki nzima kujijenga huvurugika mara moja. Kwa hiyo tunachotafuta si kugandisha. Tunataka maji yapoe upesi kiasi cha kukosa nafasi ya kujipanga, yabaki kama kioo. Maji matupu yanadai kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia kwa kuchovya tu, ndiyo maana tunaongeza kizuia barafu: gliserini, ethilini glikoli, sukari, au mafuta mazito yanayoifunika fuwele na kuyaondoa maji yaliyo juu yake.

Usianze kwa kutoa fuwele sadaka. Anza na maji yake. Chukua mchanganyiko uliooteshea fuwele pamoja na kizuia barafu, uchote kwa kitanzi kitupu, upoze, kisha utazame kwa hadubini. Tone likibaki angavu, endelea. Likiwa jeupe kama tui, ongeza kizuia barafu kidogo kidogo. Hata tone angavu lipigwe picha moja ya eksrei, kwa sababu jicho hudanganyika: barafu hujitambulisha kwa miduara kwenye angstromu 3.90, 3.67 na 3.44. Ukiiona miduara hiyo, rudi mezani.

Hapa kuna kosa linaloharibu fuwele nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa kizuia barafu. Mtu huchukua mchanganyiko wake wa awali na kuumiminia gliserini juu. Chumvi iliyokuwa ikiishikilia fuwele inapungua nguvu, na fuwele inaanza kuyeyuka mbele ya macho yake. Tengeneza mchanganyiko upya, chumvi na bafa zikiwa katika viwango vilevile, gliserini ichukue nafasi ya sehemu ya maji. Kwa lisozaimu ya yai la kuku, ambayo huoteshwa kwa chumvi ya kawaida ndani ya bafa ya asetati na ndiyo fuwele bora ya kufanyia mazoezi, gliserini ya asilimia 25 hadi 30 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fuwele ikipasuka inapoingizwa, ipandishe kwa ngazi: asilimia 5, 10, 15, na kuendelea. Kwa upande mwingine, fuwele zilizooteshwa kwa kiwango kikubwa cha PEG 400 au MPD mara nyingi hazihitaji nyongeza yoyote, na kuzisumbua ni kujitafutia hasara.

Kama mtambo unaruhusu, pima fuwele moja katika joto la chumba kabla ya kupoza nyingine. Bila picha hiyo huwezi kujua kama ubovu umetokana na kupoza au fuwele ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wengi huruka hatua hii, kisha humaliza miezi wakibadilisha vizuia barafu bila sababu.

Sekunde chache za mkono

Chagua kitanzi chenye ukubwa unaokaribiana na fuwele. Kitanzi kikubwa hubeba maji mengi, maji mengi hupoa polepole, na barafu hupata nafasi. Ukishachota, usisimame kuongea. Tone ni dogo mno, na hewa kavu ya kiyoyozi hulikausha haraka.

Chovya moja kwa moja ndani ya kimiminika cha naitrojeni, ubapa wa kitanzi ukiwa wima ili kikate uso wa kimiminika. Juu ya kimiminika hutanda tabaka la gesi baridi, na mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba fuwele ndogo hupoa zaidi ndani ya tabaka hilo kuliko ndani ya kimiminika chenyewe, tena kwa kasi ndogo. Tiba ni rahisi: jaza chombo hadi ukingoni, na lipeperushe tabaka hilo kwa gesi kavu kabla tu ya kuchovya. Mkono uwe mwepesi.

Maabara za pwani zina taabu ya ziada. Unyevu wa hewa hugeuka chembe nyeupe za theluji zinazoelea kwenye naitrojeni na kujibandika kwenye fuwele. Funika chombo kila wakati, na chembe zikionekana mwaga kimiminika, kausha chombo, anza na kipya.

Usalama

Lita 1 ya kimiminika cha naitrojeni hutoa takriban lita 700 za gesi, nayo haina rangi wala harufu, na huweza kuisukuma oksijeni nje ya chumba bila mtu kujua. Kwa hiyo: usifunge chombo kwa kifuniko kisichopitisha hewa, usipande lifti pamoja na mtungi, na toka chumbani king'ora cha oksijeni kinapolia, kwa kawaida chini ya asilimia 19.5. Vaa miwani na glavu pana zinazovulika kwa mtikiso mmoja.

Kusafirisha

Afrika haina sinkrotroni, hivyo fuwele za hapa hulazimika kusafiri, kwa mfano hadi Diamond karibu na Oxford au ESRF mjini Grenoble. Husafiri katika tangi kavu, ambalo kuta zake zina kitu kinachofyonza naitrojeni ili isimwagike njiani. Lijaze mara kadhaa hadi lishibe, mwaga kimiminika kilichobaki huru, kisha lipime uzito. Liache limesimama usiku kucha na ulipime tena: uzito ukipungua kuliko mtengenezaji anavyoruhusu, utupu wa kuta umevuja, na tangi hilo lisitumike. Waandikie wapokeaji uzito wa mwisho, pamoja na orodha ya kila pini iliyobeba kitanzi, kizuia barafu chake na nafasi yake kwenye kikapu.