SOMO LA FAMILIA: MBUZI ANAPOZAA

Tusome Mithali 27:23-27. Neno linatuagiza tuijue hali ya mifugo yetu, tena linataja maziwa ya mbuzi kuwa chakula cha nyumba.

1. Kabla ya kuzaa. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Tuandike siku aliyopandwa. Miezi 2 ya mwisho tuache kumkamua, apate nguvu.

2. Siku ya kuzaa. Tumpe mahali pakavu. Akisukuma saa 1 bila kitu kutoka, tumwite daktari wa mifugo. Kitovu cha mwana-mbuzi tukipake iodini.

3. Dang'a. Maziwa haya ya kwanza, mazito ya manjano, ndiyo kinga ya mwana-mbuzi. Ayanyonye ndani ya saa 1. Mgao wa chakula ukipungua, tunayatamani kwa sufuria. Tusimnyang'anye! Akiyakosa, mara nyingi hufa, na maziwa ya mwakani yamekufa naye.

4. Maziwa ya watoto wetu tuyachemshe daima. Mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela.

Swali la kujadili nyumbani: Ni nini tunachokula leo ambacho Mungu alikiweka kwa ajili ya kesho?