Ununuzi wa Vipuri vya Pikipiki: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Pikipiki ya biashara iliyo mikononi mwa mwanachama ni mali iliyopatikana kwa fedha za watu wengi. Ama chama chenyewe kimeinunua, ama mwanachama ameinunua kwa mkopo uliotoka katika akiba za wenzake. Kwa sababu hiyo kila kipuri kinachofungwa humo kinagusa mambo mawili: uhai wa dereva na abiria wake, na kurudi kwa mkopo. Hata hivyo katika vitabu vya vyama vingi habari yote ya vipuri huandikwa kwa neno moja, “Spea”, kisha kiasi cha shilingi. Ikiulizwa ni spea gani, ya kiwanda gani, na ilifungwa katika pikipiki ipi, hapatikani wa kujibu. Somo hili limekusudiwa kuliondoa neno hilo moja katika hati za malipo.

Swali linaloulizwa sokoni

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, biashara ya vipuri vyake imekua sana katika jiji la Dar es Salaam. Mjumbe wa chama anayetoka Mchafukoge, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, hana haja ya kutafuta duka. Duka humtafuta yeye. Kabla hajasimama sawasawa atakuwa amekwisha kufuatwa na winga, yaani yule mtu asiye na duka lake bali hupata riziki kwa kuwapeleka wateja katika maduka ya wengine. Winga huuliza swali moja: “Unataka orijino au mchina?”

Swali hilo lina kosa ndani yake, na mjumbe akilijibu amekwisha kupotea. Kwanza, nchi ya kiwanda haielezi ubora. China ina viwanda vinavyotengeneza vipuri vya hali ya juu, na ina viwanda vya ovyo pia. Pili, swali linataja aina mbili za vipuri, hali sokoni ziko tatu.

Aina ya kwanza ni kipuri kinachotolewa na mtengenezaji wa pikipiki mwenyewe, katika boksi lake na kwa namba yake ya kipuri. Aina ya pili ni kipuri cha kiwanda kingine, kilichotengenezwa ili kifae pikipiki hiyo, na kinauzwa kwa jina la kiwanda kilichokitengeneza. Aina ya tatu ni kipuri bandia, ambacho kimetengenezwa na mtu mmoja na kuvishwa jina la mwingine.

Wanachama wengi huziweka aina ya pili na ya tatu katika kapu moja na kuziita feki. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Mtengenezaji wa pikipiki hatengenezi kila kitu kilichomo ndani yake. Plagi, beringi, cheni na tairi kwa kawaida hununuliwa kutoka viwanda vyenye ujuzi wa kazi hiyo peke yake. Kampuni ya NGK ya Japani, kwa mfano, huwauzia plagi watengenezaji wengi wa pikipiki. Basi plagi iliyo katika boksi la kiwanda cha plagi yaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na ile iliyo katika boksi la mwenye pikipiki, isipokuwa bei. Vipo pia vipuri dhaifu katika aina ya pili, tena vingi. Lakini jina lililo juu yake ni la kweli: kikiharibika mapema, chama kinajua nani wa kulaumiwa na kipi kisinunuliwe tena. Kipuri bandia hakina mwenyewe. Hata kikiwa kizuri leo, boksi la kesho lenye jina lile lile laweza kutoka karakana nyingine kabisa.

Orijino ya nani?

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo hucheleweshwa na oili hubadilishwa mwenye pikipiki akikumbuka. Vali za injini yake husukumwa kwa fito, hivyo haina ile cheni ndogo ya ndani inayolegea kwa kukosa matunzo. Injini hiyo ilivumilia mengi, na kwa uvumilivu wake ikanakiliwa. Viwanda vingi vya China vilitengeneza injini za namna hiyo kwa majina yao, na pikipiki nyingi za China zilizoenea Afrika Mashariki zilikuwa na moyo huo huo wa CG. Mwaka 2001 Honda yenyewe iliingia ubia na kiwanda kimoja cha China ambacho hapo awali kilikuwa kikinakili pikipiki zake.

Kwa hiyo mwanachama mwenye pikipiki ya jamii hiyo anapodai spea orijino, yafaa aulizwe: orijino ya nani? Kwa Bajaj Boxer na TVS za India jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa kila moja ina mtengenezaji mmoja anayejulikana. Kwa pikipiki za jamii ya CG, kinachotangulia ni kipimo. Pistoni ya injini ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na ya injini ya 150 ina milimita 62, na zote mbili hutajwa dukani kwa maneno “pistoni ya CG”. Mjumbe aliyetumwa kwa maneno hayo tu atarudi kesho yake.

Beringi nazo zina fundisho. Beringi yenye namba 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 35 na unene milimita 11, iwe imetengenezwa Japani, India au kwingineko. Namba hueleza kipimo, haielezi ubora. Muuzaji anayesema “namba ni ile ile, mzee, zote sawa” amesema kweli nusu.

Breki kwanza

Haifai kuvipima vipuri vyote kwa mizani moja. Kioo cha pembeni, kifuniko cha taa ya indiketa au madigadi vikiwa vya bei nafuu, hasara yake ni ndogo na huonekana kwa macho. Viatu vya breki havimo katika kundi hilo. Kitambaa cha breki hubandikwa kwa gundi juu ya kiatu cha chuma. Gundi ikiwa mbaya, joto la mteremko mmoja laweza kukibandua, nacho kikanasa kati ya kiatu na ngoma na kuifunga gurudumu ghafla, abiria akiwa nyuma. Hakuna mwanachama anayeweza kuipima gundi kwa macho dukani. Kwa sababu hiyo viatu vya breki, tairi, na waya za breki vinunuliwe kwa mtu anayejulikana, vikiwa vya aina ya kwanza au vya kiwanda ambacho daftari la chama limekwisha kukithibitisha. Hapa bei isiwe hoja. Na fundi wa chama akatazwe kupuliza vumbi la breki kwa mdomo, maana vitambaa vya asili isiyojulikana huenda vina asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Hesabu ya cheni

Cheni ni kipuri kizuri cha kujifunzia, kwa kuwa uchakavu wake hupimika kwa rula ya mwanafunzi. Cheni ya namba 428, inayotumika katika pikipiki nyingi za biashara, ina milimita 12.7 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Ivutwe ikaze, kisha vipimwe vipande 20, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imeongezeka asilimia 2, na wakati wake wa kutolewa umefika. Itolewe pamoja na sproketi zake mbili, kwa sababu meno yaliyolika huila cheni mpya upesi.

Sasa tuchukue tarakimu za kufundishia. Kila chama kiweke zake kutoka sokoni na katika daftari lake. Seti ya cheni isiyo na jina la kuaminika ni Sh. 18,000 na hudumu kilomita 5,000. Seti ya mtengenezaji wa pikipiki ni Sh. 45,000 na hudumu kilomita 15,000. Seti ya kiwanda kingine chenye jina lake ni Sh. 28,000 na hudumu kilomita 12,000. Fundi hulipwa Sh. 3,000 kila mara. Ukijumlisha bei na ufundi, kisha ukagawa kwa kila kilomita 1,000, seti ya kwanza imegharimu Sh. 4,200, ya pili Sh. 3,200, na ya tatu takriban Sh. 2,580. Iliyokuwa rahisi dukani ndiyo ghali barabarani, na ya mtengenezaji si lazima iwe nafuu kuliko zote. Katika hesabu hii hazikuingizwa saa ambazo pikipiki imesimama kwa fundi, na kwa dereva wa bodaboda saa hizo ni fedha.

Hesabu ya namna hii haiwezekani pasipo daftari. Kila pikipiki iwe na ukurasa wake: tarehe, kilomita zilizosomwa, jina la kipuri, jina lililo juu yake, namba yake, duka, bei, na fundi aliyefunga. Pikipiki ambayo kipimo chake cha kilomita kimekufa itengenezwe kipimo hicho kwanza, maana vinginevyo chama kitakuwa kinakisia. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mshauri bora kuliko winga yeyote, tena kuliko hologramu ya boksini, kwa kuwa hologramu nayo huigizwa.

Nani hulipa, nani huumia

Kuna jambo ambalo wajumbe wa Bodi hawalitazami vya kutosha. Dereva anayeendesha kwa hesabu, yaani anayepeleka kiasi fulani kwa mwenye pikipiki kila siku, mara nyingi hugharamia vipuri vidogo mfukoni mwake. Mtu huyo hana sababu ya kununua cheni ya kilomita 15,000, kwa kuwa hajui kama mwezi ujao pikipiki itakuwa bado mikononi mwake. Dereva wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, hununua kwa jicho jingine, hasa miezi ya mwisho. Kumlaumu yule wa kwanza kwa uzembe ni kutomtendea haki. Chama chenye pikipiki za hesabu kingefanya vizuri kuvichukua vipuri vya breki, tairi na cheni kuwa gharama ya chama, na kumwachia dereva yale mengine.

Ulinzi ulio katika karatasi

Vyama vingi hufuata utaratibu mzuri wa kuomba bei kwa wauzaji watatu. Lakini barua ikisema tu “seti za cheni 20”, utaratibu huo huwa mlango wa kipuri bandia: muuzaji wa bei ya chini kabisa ndiye anayeshinda, na kila mmoja wa watatu alikuwa akitaja kitu tofauti. Bei tatu za vitu vitatu hazilinganishwi. Barua iandike pikipiki ni ya namna gani, kipuri namba ngapi, kipimo gani, na jina la kiwanda au viwanda vinavyokubalika.

Maandishi hayo yana nguvu ya sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ifanane na maelezo yake, na iliyouzwa kwa sampuli sharti shehena ifanane na sampuli. Kwa hiyo Katibu achukue kipuri kimoja, kitiwe saini na pande zote mbili, kifungwe na kuwekwa kabatini mpaka mzigo wote upokewe. Maelezo ya kipuri yaandikwe pia katika ankara na risiti ya mashine ya kielektroniki, si jumla peke yake. Muuzaji anayekataa kuandika jina la kiwanda katika risiti yake amekwisha kujieleza.

Kipuri bandia kikigunduliwa, kisirudishwe kimya kimya kwa kupewa kingine. Kihifadhiwe pamoja na boksi na risiti, na taarifa ipelekwe Tume ya Ushindani, ambayo husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ikiwa kasoro ni ya ubora, Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, ndilo lenye kazi hiyo. Kipuri cha zamani nacho kirudishwe stoo kabla fundi hajalipwa, na boksi tupu la kipuri halisi lichanwe. Yapo masoko ambayo boksi tupu lina bei yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Chukueni hati tano za mwisho za malipo ya vipuri. Ni ngapi zinazotaja jina la kiwanda na pikipiki kipuri kilikofungwa?

2. Pimeni cheni za pikipiki tatu za wanachama kwa rula, vipande 20 kila moja. Mmepata milimita ngapi, na kila cheni imekwenda kilomita ngapi?

3. Katika chama chenu nani hulipia viatu vya breki: dereva au chama? Aliamua nani, na katika mkutano gani?