SOMO LA 14: KUTAFUTA KASORO YA PROJEKTA

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba mwanga husafiri katika mistari iliyonyooka, na kwamba lenzi mbinuko hukusanya miale ya mwanga. Sasa tutatumia maarifa hayo kutafuta kasoro ya chombo kilichoharibika.

Sehemu za projekta

Tuseme kwamba wanafunzi wa shule moja ya Themi, mjini Arusha, wametengeneza projekta kwa mikono yao. Wametumia sanduku la mbao, taa yenye mwanga mkali, lenzi mbinuko, na kioo cha picha kilichotolewa katika kompyuta kuukuu. Kioo cha namna hii huitwa LCD.

Taa huwekwa nyuma ya kioo. Mwanga hupenya katika kioo, hupita katika lenzi, kisha huangukia ukutani. Picha ndogo iliyo kwenye kioo huonekana ukutani ikiwa kubwa, tena imepinduka. Kwa hiyo kioo hupachikwa kichwa chini, ili picha ya ukutani isimame sawasawa.

Projekta hiyo itaonyeshwa tarehe 8 Agosti katika viwanja vya Nane Nane vya Themi, Njiro. Siku chache kabla ya maonyesho, doa jeusi latokea katikati ya picha. Baadhi ya wanafunzi wasema kioo kimekwisha, kitupwe. Lakini shule haina kioo kingine. Je, ni kweli kwamba kimeharibika? Hatuwezi kujibu kwa kukisia. Lazima tuchunguze.

Jaribio la 1: Kupima umbali wa fokasi

Vifaa: lenzi ya kukuzia, karatasi nyeupe, rula.

Simama darasani, mbali kidogo na dirisha. Elekeza lenzi kwenye kitu kilicho mbali sana, kama vile Mlima Meru au mti mrefu. Shika karatasi nyuma ya lenzi. Isogeze mbele na nyuma mpaka uone taswira ndogo ya mlima iliyo dhahiri. Taswira hiyo imesimama au imepinduka? Pima umbali kutoka lenzi hadi karatasi. Huo ndio umbali wa fokasi wa lenzi yako.

HADHARI: Usielekeze lenzi kwenye jua. Usitazame jua kwa lenzi.

Jaribio la 2: Doa liko wapi?

Vifaa: lenzi yenye umbali wa fokasi wa sentimita 10, tochi, karatasi nyembamba nyeupe, kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, kalamu ya wino.

1. Chora samaki mdogo kwenye plastiki. Mbele yake weka nukta ya wino yenye upana wa milimita 2.
2. Katika chumba chenye giza, weka lenzi sentimita 60 kutoka ukutani. Weka plastiki sentimita 12 nyuma ya lenzi.
3. Weka karatasi nyembamba nyuma ya plastiki, kisha mulika kwa tochi kutoka nyuma ya karatasi hiyo. Sogeza plastiki kidogo kidogo mpaka samaki aonekane dhahiri ukutani.
4. Pima upana wa nukta iliyo ukutani.
5. Sasa bandika kipande kidogo cha karatasi katikati ya lenzi. Je, samaki amepungukiwa na sehemu yoyote?

Bila shaka umeona kwamba nukta ya milimita 2 imekuwa na upana wa milimita 10 hivi, yaani imekuzwa mara 5. Kingo zake ni dhahiri. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye lenzi haikuleta doa ukutani. Samaki ameonekana mzima, ila mwanga umefifia.

Kwa nini imekuwa hivyo? Miale kutoka kila sehemu ya samaki hupita katika kila sehemu ya lenzi. Baadhi ya miale ikizuiwa, mingine bado hufika ukutani. Kwa hiyo, vumbi lililo kwenye lenzi hufifisha picha nzima. Doa lenye kingo dhahiri liko kwenye kioo cha picha, au karibu nacho.

Kasoro za kioo

Doa la wanafunzi wetu liko kwenye kioo. Hata hivyo, hatujui bado kama limetokana na vumbi, joto au ufa.

Kioo cha LCD kina vioo viwili vyembamba. Kati yake kuna umajimaji wa pekee. Nje ya vioo hivyo, mbele na nyuma, kuna tabaka mbili za kuchuja mwanga. Umeme huzipanga upya molekuli za umajimaji huo, na hivyo mahali pengine mwanga hupita, pengine huzuiwa.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alichunguza umajimaji wa aina hiyo. Alipasha moto kitu kigumu. Kilipofika nyuzi 145 hivi za sentigredi kiliyeyuka kikawa na ukungu. Kilipofika nyuzi 178 hivi, ukungu ulitoweka. Kilipopoa, ukungu ulirudi. Umajimaji wa kioo cha LCD nao hubadilika unapopata joto jingi, ingawa si lazima joto liwe kali kama hilo. Ukibadilika, hauwezi tena kuongoza mwanga, na mahali hapo huwa peusi.

Dalili na sababu zake ni hizi:

(a) Doa hutoweka kioo kinapofutwa kwa kitambaa laini kikavu: ni vumbi.
(b) Doa hutokea baada ya taa kuwaka kwa muda, na hutoweka kioo kinapopoa: ni joto.
(c) Doa la manjano au la kahawia lisilotoweka: tabaka la kuchuja mwanga limeungua.
(d) Doa jeusi kama wino uliomwagika, pamoja na ufa: kioo kimevunjika. Hakitengenezeki.
(e) Mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo: huenda nyaya nyembamba za ukingoni zimeachana.

Wanafunzi wa Themi wakizima taa, wakisubiri kioo kipoe na kukifuta, doa halipo. Wakiwasha taa, picha ni safi. Baada ya dakika 10 doa latokea tena katikati, palipo karibu zaidi na taa. Kumbe vumbi si sababu, wala kioo hakijavunjika. Wakisogeza taa nyuma na kuweka feni ndogo ya kupoza, doa halirudi. Kama wangekitupa kioo, wangetupa kitu kizima.

HADHARI: Projekta ifunguliwe na mwalimu tu, baada ya kuchomoa waya wa umeme. Usiguse umajimaji unaovuja katika kioo kilichovunjika. Taa za mirija za skrini kuukuu zina zebaki, ambayo ni sumu.

Kumbuka: Anayetafuta kasoro hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha huandika alichokiona.

Maswali

1. Kwa nini kioo cha projekta hupachikwa kichwa chini?
2. Picha nzima imefifia, lakini haina doa. Utachunguza sehemu gani kwanza?
3. Doa la milimita 3 likikuzwa mara 5, litakuwa na upana gani ukutani?
4. Taja tofauti kati ya doa la joto na doa la kioo kilichovunjika.
5. Kama wanafunzi wangesogeza taa na kufuta kioo kwa wakati mmoja, wangejuaje sababu ya doa? Eleza.